Mshumaa Kwenye Stoo ya Mkaa

Taarifa ya kifo cha Mhandisi ilinikuta nasahihisha mitihani kwenye ofisi ya walimu, saa nne asubuhi, chai yangu ikiwa imeshapoa. Mwanawe alinitumia ujumbe mfupi kwamba baba amepumzika na mazishi ni kesho, kwao, mbali, mahali ambapo hata ningeondoka Mpanda saa ileile nisingewahi. Nikasoma mara mbili, nikailaza simu kifudifudi, nikaendelea kusahihisha. Mwenzangu wa meza ya pili akauliza kuna nini, nikamwambia mtu niliyewahi kufanya naye kazi amefariki. "Pole, Mwalimu," akasema, nami nikashukuru kama inavyotakiwa. Lakini kitu cha kwanza nilichokihisi hakikuwa huzuni. Kilikuwa ahueni, na ahueni ile ilinitia aibu mpaka masikio yakapata moto, kwa sababu niliielewa vizuri mno. Watu wawili tu tulijua kilichotokea kwenye ile stoo kule Kasekese, na sasa nilikuwa nimebaki mmoja. Ningeweza kunyamaza mpaka nizeeke na asitokee wa kunisuta.

Wiki hiyohiyo mwalimu wa kemia wa Kidato cha Tatu alikuwa likizo ya uzazi, na Mkuu wa Shule akanipa vipindi vyake. Kuna somo moja nililikwepa miaka yote ya ualimu wangu kwa hila zote anazozijua mwalimu: kubadilishana vipindi, kuugua tumbo, kuwapa wanafunzi waandike muhtasari. Safari hii sikuwa na pa kujificha. Ni jaribio dogo. Unasimamisha mishumaa mitatu ndani ya chombo cha kioo, mfupi, wa kati na mrefu, kisha unaiachia hewa ukaa itiririke humo taratibu. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inajaa kuanzia chini. Mshumaa mfupi unazimika kwanza, halafu wa kati, na ule mrefu unabaki ukiwaka na kuringa. Darasa likashangilia. Mmoja wa nyuma, mwepesi wa mdomo, akanyoosha mkono: "Madam, kwa hiyo mtu mrefu angepona?" Wakacheka wote. Nikamjibu, "Si mrefu. Aliyesimama." Kisha nikatoka nje nikaegemea ukuta, na waliokuwa wakipita wakadhani nimeshikwa na malaria.

Sitasema nilizaliwa wapi wala nani alinisomesha, hayo hayana kazi hapa. Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimetoka Kidato cha Sita na alama nzuri za kemia na kiburi cha kutosha kuzisindikiza. Mhandisi alikuwa mtu wa kuja, mwembamba, mwenye kalamu mbili mfukoni hata alipovaa fulana. Alikuwa amepata wafadhili wa jaribio lake, na jaribio lenyewe lilihusu mabani ya tumbaku. Bani, kwa asiyejua, ni nyumba ndefu ya kukaushia majani. Nje kuna tanuru la kuni, joto linapita ndani kwa mabomba, na moshi unatokea juu upande wa pili. Kuni zinazoliwa na bani moja kwa msimu zingejenga kijiji. Mhandisi alitaka kuikamata hewa ukaa iliyomo kwenye moshi ule kabla haijapaa. Siku hizi vijijini kwetu neno hilo limekuwa kama salamu, watu wanalinda misitu na wanajua kwa nini, redio inalitaja asubuhi na jioni. Wakati ule ulipotamka "hewa ukaa" watu walikutazama kama umetaja ugonjwa. Mimi kila nikilisikia redioni hadi leo, mkono unakwenda wenyewe kupunguza sauti.

Alichokitumia kuinasa kilikuwa mkaa. Si mkaa wa kupikia, ila jamii yake: magunzi ya mahindi yaliyochomwa mpaka yakawa mkaa, kisha yakapitishiwa mvuke mkali ndani ya pipa lililofungwa, mpaka kila chembe ikajaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Vitundu hivyo ndivyo vilivyoshika hewa. Moshi ulitoka kwenye bani, ukapozwa kwenye maji, ukasukumwa na feni kupita mapipa matatu ya mkaa huo, na kazi yangu ilikuwa kusoma kipimo cha hewa inayoingia na inayotoka, asubuhi, mchana na jioni, na kuandika kwenye daftari lenye jalada gumu. Mkaa ukiwa baridi unashika. Ukipata joto unaachia. Mhandisi alikuwa na maneno marefu kwa mambo hayo, lakini wafanyakazi walikuwa na yao na ndiyo tuliyoyatumia: mkaa uliojaa hewa waliuita umeshiba, na kuupasha moto ili uiachie hewa yake waliita kuutapisha. "Dada Desi, pipa la pili limeshiba," wangeniambia. "Basi mkalitapishe," nami nijibu, kama muuguzi.

Aliyewafundisha maneno hayo alikuwa Yeremia. Alikuwa mtu wa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, wazazi wake walivuka kutoka Burundi akiwa mgongoni, na yeye alikuwa amechoma mkaa tangu alipoweza kushika shoka. Pande la mtu, mpole, shemasi wa kanisa lake, asiyegusa hata togwa iliyolala siku mbili. Ndiye aliyejua gunzi linatakiwa liive kiasi gani kabla ya mvuke. Mhandisi alikuwa na chombo cha kupimia joto, lakini nilimwona mara nyingi akimtupia Yeremia jicho kwanza ndipo asome chombo. Kwao mkaa ulikuwa na heshima. Kipande cha mkaa kilikaa ndani ya mtungi wa maji ya kunywa, kingine kwenye kabati la nguo, na aliyeharibikiwa na tumbo alisagiwa kidogo akanywa. "Mkaa hauna ubaya, dada," aliniambia siku ya kwanza akinionyesha viganja vyake vyeusi. "Ubaya ni moto. Mkaa ukiwaka ndani ya nyumba iliyofungwa, unaua. Ukishazimika unasafisha." Nililiandika hilo kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari kwa sababu lilinifurahisha. Wala halikuwa neno lake peke yake. Kila mtu pale alilijua, na mimi pia.

Tuliishi palepale kwenye mabani. Chumba changu kilikuwa nusu ya ofisi, kitanda nyuma ya pazia la kitenge, na mbele meza yenye kipimo cha akiba, kandili na chupa ya plastiki ya spiriti niliyotumia kusafishia vioo vya vipimo. Kila kitu kilinuka tumbaku: shuka, sabuni, hata ugali. Nyuma ya ukuta wangu kulikuwa na jiko la matete la Mama Anitha, mke wa Yeremia, aliyetupikia. Watoto wao walibaki Katumba kwa bibi yao. Mama Anitha alipika maharage kwa mawese mpaka mchuzi ukawa mwekundu kama udongo wa barabara ya Mwese, na mvua zilipoanza alituletea uyoga ambao mimi, mtu wa wali wa Mpimbwe, niliukataa siku mbili, na siku ya tatu nikagombea mabaki. Alinicheka sana. "Huyu mdogo wangu anaringa kwa mdomo, tumbo lake halina habari," alisema. Matete hayazuii sauti, kwa hiyo nilisikia ndoa yao nzima. Sikuwahi kusikia matusi. Nilisikia Kirundi na Kiswahili vikichanganywa, vijembe, nyimbo za kwaya zilizokatika katikati kwa sababu chumvi imezidi. Mama Anitha alikuwa na kawaida ya kumnusa mumewe kila alipotoka kazini na kumwambia ananuka kama msimu mzima, naye anajibu, "Egome," yaani ndiyo kwa Kirundi, "hiyo ndiyo harufu ya ada ya shule." Nilijifunza mle ndani kwamba watu wazima wanaweza kupendana bila kujificha, na nikatamani siku moja mtu aninuse hivyo.

Stoo ilikuwa hatua thelathini kutoka ofisini. Zamani wakulima waliitumia kulainishia tumbaku, maana jani likitoka kwenye bani ni kavu linavunjika kama biskuti, na lazima lilazwe kwanza mahali penye unyevu. Ndiyo maana sakafu yake ilichimbwa chini, ukiingia unashuka vidato viwili, na kuta zilisiribwa bila kuachwa hata tundu la mjusi. Mlango mmoja, mfupi, wa mbao nzito. Paa la bati. Mhandisi aliipenda kwa sababu mkaa unaovuta unyevu hewani huharibika, na mle, mlipokauka, haukuingia hata upepo. Mwezi wa pili wa msimu pipa la kutapishia lilipasuka. Lilikuwa la chuma maalumu, jipya lilitakiwa litoke Dar, na Dar ilikuwa inajibu simu ikiamua. Matanuru hayakuweza kusubiri. Tukaendelea kunasa, na kila mkaa uliposhiba tukautia kwenye magunia na kuupanga stoo mpaka pipa lije. Nilimsikia Mhandisi akiwaambia wafadhili kwenye simu, kwa fahari, "Yote tunayo. Imenaswa, imehifadhiwa." Neno hilo, imenaswa, lilinikaa kichwani. Nilidhani kitu kikishanaswa kimekwisha.

Kazi ya kuchochea tanuru ilikuwa ya zamu, na Yeremia aliyechochea usiku alilala mchana. Kibanda chao kilikuwa cha moto, na nzi wa pale walikuwa hawana adabu. Akaanza kujilaza stoo, kwenye mkeka katikati ya magunia, kwa kuwa ndicho chumba pekee kisichonuka tumbaku. Ni kweli hakikunuka. Mkaa ulikuwa umekula harufu yote, na sakafu ilikuwa baridi kama ya kanisa. Alilala hivyo siku za mvua, akaamka salama, akatusifia. Mama Anitha ndiye hakupenda. Nilimsikia nyuma ya matete: "Mkaa na mlango uliofungwa, hapana. Unaikumbuka nyumba ya kwa kina Sara, waliokutwa wote asubuhi?" Yeremia akamwambia wale walilala na jiko linalowaka, huu ni mkaa baridi, tena wa kitaalamu. "Basi muulize huyo msomi wetu," alisema Mama Anitha. "Akisema yeye, nitanyamaza."

Akaja kuniuliza. Ilikuwa Jumamosi, nilikuwa nangoja lori la kwenda Mpanda, nimevaa sketi mpya ya rangi ya maziwa niliyoinunua kwa mshahara wangu wa kwanza. Kulikuwa na mtu huko mjini niliyetaka anione nikiwa nayo, na jina lake leo hata silikumbuki sawasawa. Yeremia alisimama mlangoni kwa adabu zake, kofia mkononi. "Dada Desi, samahani. Mama Anitha ana wasiwasi na ile stoo. Humo mtu akijilaza kuna shida?" Nikamwambia hakuna shida, hewa imenaswa ndani ya mkaa. Akatabasamu, lakini hakuondoka. "Ningependa nimwambie kwamba umepima." Betri ya kipimo cha akiba ilikuwa imekwisha, na kile kikubwa kilikuwa kimefungwa kwenye mapipa. Nikachukua mshumaa na kiberiti, na ile chupa ya spiriti niliyokuwa nayo mkononi nikifuta kioo cha kipimo. Nilijua, kama ajuavyo mtoto yeyote aliyekaa darasani, kwamba penye hewa mbaya mshumaa huzimika. Tukaenda wote. Nikafungua mlango, nikashuka kidato kimoja, nikasimama. Sakafu ilikuwa nyeusi kwa vumbi la mkaa. Nikautazama upindo wa sketi yangu. Nikaunyoosha mkono mbele na mshumaa usawa wa kifua, nao ukawaka vizuri, mwali umenyooka, hautikisiki. "Unaona?" nikamwambia. "Unaona mwenyewe?" Akashukuru kwa mikono miwili. Lori likapiga honi. Niliiacha ile chupa ya spiriti na kiberiti palepale juu ya gunia la kando ya vidato, kwa haraka ya kukimbilia lori, na sikukumbuka kuvirudia.

Swali la hewa ukaa na uzito wake lilikuja kwenye mtihani wangu wa taifa. Nililipata lote. Nimejiuliza kwa miaka ishirini jinsi mtu anavyoweza kujua jambo kwa mkono wa kuandikia na asilijue kwa mkono wa kushikia mshumaa. Ninachokijua ni kwamba sikutaka kuchuchumaa.

Zikapita kama wiki mbili. Halafu mvua ikakatika ghafla, ikawa siku tatu za jua la kuchoma, la kupasua midomo, na bati la stoo likawa halishikiki. Magunia mapya yalikuwa yamefika karibu na paa. Jua liliutapisha mkaa kwa niaba yetu, polepole, saa baada ya saa, na hewa ile nzito ikashuka na kutulia chini, kwenye sakafu iliyochimbwa, nyuma ya mlango usiopitisha upepo. Hayo nayajua leo. Siku ile nilijua tu kwamba chakula kimeiva na Mama Anitha ameniomba nikamwamshe mumewe. Maharage, ugali, na samaki mmoja mkubwa, mgebuka, aliyekuwa amemfichia. Nikabisha. Nikaita, "Shemasi, wali wa Mpimbwe umefika!" kwa kumtania, maana tulibishana sana juu ya wali na ugali. Nikauvuta mlango.

Hakuwa kwenye mkeka. Alikuwa amejiburuza mpaka kwenye vidato, amelala kifudifudi, mkono mmoja umefika kidato cha chini na kiganja kimekishika ukingo wake. Nilishuka, nikainama kumshika bega, na pua ikawashwa kwa ndani kama mtu aliyecheua soda, moyo ukaanza kunipiga mbavuni, kichwa kikazunguka. Nikarudi nyuma nikianguka, nikapiga kelele. Walikuja Mhandisi na wapakiaji wawili, Mhandisi akajaza pumzi kifuani, wakamkamata mikono wakamtoa juani. Alikuwa bado na joto. Mama Anitha alikuja mbio na mwiko mkononi, akapiga magoti, na akafanya kama alivyofanya kila siku: akaweka pua yake kwenye shati la mumewe. Nikamwona akishtuka. Shati lilikuwa limelowa spiriti. Alipokuwa akijivuta gizani mle alikuwa ameiangusha chupa yangu, ikamwagika yote juu yake. Mama Anitha akanyanyua uso, akatutazama mmoja mmoja, na akasema kwa sauti ndogo kabisa, "Mana yanje, Mungu wangu. Yeremia, kumbe?"

Mpakiaji mmoja alikuwa ameiokota chupa. Hakuwa mtu mbaya. Alisema tu kile ambacho pua yake ilimwambia: "Kumbe shemasi naye!" Jua halijatua, neno lilikuwa limefika barabarani, na kesho yake lilikuwa Katumba. Gongo. Joto, gongo, moyo umesimama. Waliokuja kuuliza waliambiwa hivyo na wakaandika hivyo. Jioni Mhandisi aliniita ofisini. Alikuwa amelia, hilo lazima niliseme, hakuwa jiwe. Alikuwa akizungusha kalamu. "Ile chupa ni ya kwako," akasema. Nikaitikia kwa kichwa. "Watu wameshapata jibu lao, binti. Tusiwape jingine. Wakijua ni mkaa, hakuna bani hata moja litakalotupokea tena nchi hii, na hili jambo ni kubwa kuliko sisi." Halafu akaongeza, bila kunitazama, kwamba barua yangu ya kwenda chuoni angeiandika wiki hiyo. Ningependa kusema nilibisha. Nilisema, "Sawa, Mhandisi."

Siku ya pili, mchana kweupe, wote wakiwa wamekwenda Katumba msibani, nilirudi stoo peke yangu na mshumaa. Nilivaa gauni la kazi. Nikasimama pale kwenye kidato cha kwanza, mkono usawa wa kifua: ukawaka. Nikachuchumaa, nikaushusha taratibu. Chini ya kidato cha pili mwali ukafifia, ukajinyonga pembeni, ukazimika. Nikatoka, nikawasha tena, nikarudia. Nikarudia mara ya tatu. Ulizimika palepale, kimo kilekile, kimo cha mtu aliyelala. Ndicho kipimo pekee cha mwaka ule ambacho sikukiandika kwenye daftari. Nilimwambia Mhandisi mlango ufunguliwe na magunia yatolewe nje, akayatoa bila kuniuliza sababu, na kwa jinsi alivyokosa kuuliza nikajua anaijua.

Wazee wa kanisa hawakumwingiza ndani. Walimzika kwa maombi mafupi, kwaya ikiwepo lakini haikuimba, na Mama Anitha alisimama kando ya kaburi la mumewe akiwa amejifunga kanga mpaka puani. Nilikuwa nimesimama umbali wa watu watatu kutoka kwake. Barua ya Mhandisi ilikuwa nzuri sana. Niliitumia, nikasoma, nikawa mwalimu. Mradi ulikufa msimu uliofuata kwa sababu nyingine kabisa, wafadhili walihamia mambo mengine, na stoo nasikia imerudi kulaza tumbaku. Hata kunyamaza kwangu hakukuokoa chochote.

Tangu hapo nikiingia chumba chochote natazama sakafu kwanza. Kitanda changu kimeinuliwa juu mpaka mafundi wananiuliza kama nina mafuriko. Sivumilii kuona mtu amelala kwenye mkeka, na wajomba wakija kunitembelea nawapa makochi hata kama hayawatoshi. Sijawahi kumwona Yeremia kama watu wanavyosimulia kuona marehemu. Namsikia tu. Nikiwa nimesimama ubaoni, darasa limetulia, kuna wakati nasikia mtu akivuta pumzi chini, karibu na miguu yangu, kwa bidii, kama anayepanda.

Jumamosi baada ya lile somo la mishumaa nilichukua pikipiki mpaka Katumba. Kumpata hakukuwa kazi. Mama Anitha amezeeka vizuri, mgongo umenyooka, uraia walishaupata zamani, nyumba yake ina bati na kiambaza kilichopakwa chokaa. Aliniita Mwarimu, akanikalisha, akanichinjia kuku bila kuniuliza, na wakati wote ule sikupata pa kuanzia. Nikauliza habari za Anitha na wadogo zake. Wajukuu wako saba, akasema. Nikauliza nani amepewa jina la babu yao. Akaendelea kunyonyoa manyoya. "Hakuna," akasema. "Nilikataa. Jina la mtu aliyenidanganya? Miaka yote ananiimbia nyimbo za wokovu, kumbe ana chupa yake stoo. Nimemsamehe kwa mdomo, Mwarimu. Moyoni nimemchukia miaka ishirini. Hata kaburi silipalilii mimi, wanapalilia watoto."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekiiba. Nilikuwa nimejiandaa kuungama kifo. Sikuwa nimejiandaa kwa hili, kwamba nilimfanya mwanamke huyu ampoteze mumewe mara mbili, na mara ya pili haikuhitaji mkaa, ilihitaji kunyamaza kwangu tu. Nikamwambia yote. Chupa ni yangu, niliisahau, ilimwagika alipokuwa akijiburuza. Hakuwahi kuonja kitu. Nikamweleza jinsi hewa ile ilivyoshuka, nikamweleza jua na bati, nikamweleza Mhandisi na barua. Nililia, na nilijichukia kwa kulia kwa sababu haikuwa zamu yangu. Yeye hakulia. Kuku alikuwa mapajani mwake, nusu amenyonyolewa, na mikono yake ilikuwa imesimama. Akasema, "Mimi nilimwambia. Nilimwambia mkaa na mlango, hapana. Akaniambia dada Desi amepima."

"Nilipima," nikasema.

"Kwa mshumaa."

"Kwa mshumaa."

Akaweka kuku kwenye sinia, akafuta mikono kwenye kanga, polepole, kidole kimoja kimoja, akasimama mbele yangu. "Simama unionyeshe. Ulishika wapi?"

Nikasimama. Nikaunyoosha mkono mbele, ngumi imefungwa kana kwamba nimeshika kitu, usawa wa kifua. Aliitazama ile ngumi. Halafu akanishika kifundo cha mkono kwa vidole vyake vilivyonuka kuku na maji ya moto, akaanza kukishusha. Alikishusha kikapita kiuno, kikapita magoti, mpaka nikalazimika kuchuchumaa, naye akachuchumaa pamoja nami, na bado akaendelea kukibonyeza mpaka ngumi yangu ikagusa sakafu ya sebule yake.

"Hapa," akasema Mama Anitha. "Mume wangu alikuwa hapa."

Hakuniachia mkono.